Mshale Uliopotea Kabatini: Tumkumbuke Fundi Gramu

Wasikilizaji wapendwa, ni Jumamosi, saa nne asubuhi imetimia. Fundi mitambo wetu alikuwa ameandaa wimbo wa taratibu wa kufungulia kipindi. Nimemwambia auweke pembeni. Mtu tunayemkumbuka leo hakupenda kelele zisizo na kazi.

Amefariki Gramu. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: amefariki Gramu, fundi wa mishale, aliyefanya kazi miaka thelathini na moja katika karakana ya chama cha wawindaji wa upinde. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Amezikwa Alhamisi. Daktari ameandika kwamba ni moyo. Sawa, ni moyo. Lakini moyo huo kuna watu walikuwa wameukalia kwa miaka sita.

Hapa mezani kwangu kuna karatasi ya chama. Imeletwa jana mchana, ina mhuri, imekunjwa vizuri, na aliyeileta alisimama mlangoni mpaka nilipoipokea kwa mikono miwili. Inasema marehemu "alistaafu kwa hiari yake kwa sababu za kiafya". Nimeombwa niisome kama ilivyo.

Siisomi. Gramu hakustaafu. Gramu aliondolewa. Aliondolewa kwa sababu walisema mshale aliouchonga ulimponza mwindaji akararuliwa mguu. Kwa hiyo leo swali letu ni moja tu, wala si gumu: mshale ule ulikuwa wa Gramu, au haukuwa wake? Familia yake haitaki kingine. Shika swali hilo, twende nalo.

Kwanza, alikuwa nani?

Dada yake mkubwa, mwanamke wa miaka sabini na sita ambaye bado anafua mwenyewe na hataki kusaidiwa, alinisimulia jana akiwa anakamua shuka. Anasema mdogo wake, enzi hizo kijana wa miaka ishirini na mbili, alitoka kuwinda akakaa siku mbili bila kurudi. Siku ya tatu akaja.

"Nilidhani kapotea," dada akaniambia. "Nikamuuliza, umekula? Akasema, sitaki. Nikamuuliza, basi mnyama yuko wapi? Akasema, dada, nimempiga, mshale ukaingia kidogo, akaondoka nao. Nimemfuata siku mbili. Nimemwona anahema. Nikikaribia anasimama, anakwenda. Mpaka nikampoteza. Akakaa pale mlangoni. Akaniambia, nimempa maumivu nikashindwa kumpa kifo. Mimi nikamwambia, we mtoto, ni mnyama huyo. Akanitazama kama vile nimemtukana mama yetu."

Kesho yake, anasema, akaenda kwa muuza vifaa vya maabara, akarudi na mizani. Mizani ndogo ya shaba, ya kupimia dawa. Jina la Gramu lilianzia hapo. Walianza kwa kumcheka, wakaishia kumwita hivyo hata kwenye barua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapopigwa chenga. Mimi sikusoma darasani mambo ya nguvu na mwendo. Nilikuwa mpakia mbao. Nilichojua nilikiokota kwenye vitabu vilivyotupwa nje ya shule, na kwa Gramu mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya gogo karakanani kwake. Kwa hiyo nitawaeleza kama alivyonieleza mimi.

Mwindaji akija kuomba mishale, Gramu hakumpa mishale. Alimpa maswali matatu. Upinde wako unavutwa kwa nguvu kiasi gani? Mkono wako unafika wapi? Na unamwendea nani? Kisha anamsimamisha ukutani, anampima mkono kwa kamba yenye mafundo, kama fundi cherehani. Ukisema unamwendea swala, unapata mshale wa gramu thelathini. Ukisema nguruwe pori, hupati chini ya gramu thelathini na nane. Thelathini na nane, na chembe ikiwa imevishwa. Alikuwa mkali hapo. Kuna mafundi wanapima mti peke yake, bila chembe ya chuma ya mbele, halafu wanajisifu. Yeye alisema, "Mshale bila chembe ni kijiti. Kapimie mswaki."

Alipima mara tatu. Gundi ikishakauka, asubuhi, madirisha yamefungwa ili upepo usiguse mizani. Uliopungua aliuvunja gotini. Uliofaa aliuandika uzito wake kwa msumari wa moto, chini ya manyoya, tarakimu mbili. Kila mshale wa Gramu ulikuwa na tarakimu mbili. Kila mshale. Narudia kwa sababu kuna watu wamesahau kwa makusudi.

Miaka minane iliyopita chama kilipata Katibu mpya. Msomi, shati limenyooka, maneno matamu. Akaja na maboksi. Ndani yake mishale myeusi, inang'aa kama viatu vya harusi, gramu ishirini na mbili. Akasema huo ndio wakati mpya. Mshale mwepesi unakwenda kasi. Unakwenda umenyooka. Mtu anapiga kutoka hatua arobaini bila kuinua upinde hata kidogo. Wawindaji wakapiga makofi. Nani asiyependa kumpiga nguruwe akiwa mbali naye?

Gramu hakubishana. Aliwaita uani, nyuma ya karakana, mchana kweupe. Mimi nilikuwepo. Alining'iniza gunia lililoshindiliwa matambara, akalifunika kwa mpira wa tairi, tabaka mbili. Maana nguruwe pori dume ana ngao begani, gegedu nene, ngumu kama soli ya buti, na haitoboki kwa bashasha. Akamwambia kijana mmoja mwenye kifua afume. Upinde ule ule. Mkono ule ule. Hatua ishirini.

Mshale mweusi ukaenda, hata jicho halikuuona. Upinde ukalia paa! mpaka kuku wakaruka. Mshale ukaingia kina cha kucha ukabaki unatikisika. Kisha ule wa gramu thelathini na nane. Huo tuliuona unakwenda, wallahi, kama mtu anayejua anakokwenda. Upinde haukupiga kelele. Ukaingia mpaka manyoya.

"Lakini wako unashuka," Katibu akasema. "Mbali utashuka."

"Unashuka, ndiyo," Gramu akajibu. "Basi sogea karibu, Bwana Katibu. Mnyama huendi kumpungia mkono."

Watu walicheka. Katibu naye alicheka. Mimi nilimtazama meno, si macho, na ninakumbuka nilijiambia: huyu mzee amemcheka mtu asiyechekeka.

Kabla hatujatoka uani, kijana mmoja alimuuliza Gramu kwa nini upinde ulilia. Akamweleza hivi: mshale mwepesi unaondoka kabla upinde haujamaliza kusema. Nguvu iliyobaki haina pa kwenda, inarudi kwenye mti, inaupasua polepole. Mshale mzito unangoja, unaichukua nguvu yote, unakwenda nayo mpaka kwa mnyama. Ndiyo hesabu yenyewe. Kasi inafurahisha jicho la mpigaji. Uzito unamaliza kazi ya mnyama.

Miezi michache baadaye Katibu akatoa agizo: wote watumie mishale ya boksi. Gramu akakataa kuigawa. Akasema, "Ghala ni lako, ufunguo chukua. Mkono wangu hautaitoa." Tangu siku hiyo kulikuwa na funguo mbili za ghala. Moja kwa Gramu. Moja kwa Katibu. Funguo mbili, wasikilizaji. Mbili.

Tufike sasa kwenye siku yenyewe. Miaka sita iliyopita, Jumanne, kiangazi. Nguruwe walikuwa wameingia mashamba ya viazi, wakulima wakaomba msaada. Alikwenda mwindaji tunayemwita Dereva, kwa sababu kabla ya upinde aliendesha malori. Mtu mzima, baba wa watoto wanne. Akamfuma dume. Mshale ukakwama. Dume akageuka, akamjia, akampasua paja mpaka mfupani. Wenzake wawili wakammaliza mnyama na kumbeba Dereva kwenye mlango uliong'olewa bandani. Aliishi. Mguu haukupona.

Baada ya siku tisa chama kikatoa taarifa ya uchunguzi. Siku tisa tu! Kuchunguza bomba linalovuja hapa mtaani kumewachukua wahusika mwaka mzima. Taarifa ilisema mambo mawili. Nayasema polepole. La kwanza: kwamba fundi alimkabidhi Dereva mshale kwa mkono wake, siku hiyo ya Jumanne, saa mbili asubuhi. La pili: kwamba mshale ulikuwa mzito kupita kiasi, ukashuka njiani, ukampiga mnyama chini, tumboni, ndiyo maana hakufa.

Tuanze na la kwanza. Mjane wa Gramu yuko hapa hapa, chumba cha pili, namwona kupitia kioo. Mimi humwita shemeji, kwa kuwa mume wake tulikuwa kama ndugu. Jumatano alinipa kadi ya kliniki ya macho. Kadi ya njano, imechakaa pembeni. Ina mhuri wa Jumanne ile ile, saa moja na nusu asubuhi. Shemeji alikuwa anatolewa mtoto wa jicho. Na nani alimshika mkono?

"Yeye," aliniambia. "Nani mwingine? Mimi jicho moja limefungwa, la pili halioni. Alinishika mkono tangu nyumbani mpaka saa saba mchana. Alinisomea hata tangazo la ukutani, la kunawa mikono. Alinisomea mara mbili, mpaka nikamwambia, bwana we, nimeshanawa."

Kwa hiyo saa mbili asubuhi Gramu alikuwa kliniki, kashika mkono wa mkewe. Ghala lilifunguliwa. Lilifunguliwa na nani? Funguo zilikuwa mbili. Mimi sisemi. Ninahesabu tu.

Twende la pili. Nilimtafuta mchinjaji aliyepelekewa yule nguruwe. Ana duka lake, vigae vyeupe, redio juu ya friji. Nikamuuliza kuhusu tundu tumboni. Akaweka kisu chini.

"Tumboni? Tumbo lilikuwa zima kama ngoma. Tundu lilikuwa begani, juu, hapa." Akajigusa bega. "Chembe imekwama kwenye gegedu, haijafika hata mbavu. Vidole viwili. Nilimwambia yule aliyekuja na daftari. Akaniambia, wewe kata nyama. Nikakata nyama."

"Hukushangaa?"

"Kaka, mimi nikishangaa kila siku, watu watakula nini?"

Bega, juu. Vidole viwili. Sasa niambieni nyinyi mlio nyumbani, hata kama hamjawahi kushika upinde. Mshale mzito unaoshuka, unawezaje kushuka ukapiga juu? Na ule wa Gramu, uliopita tabaka mbili za tairi mpaka manyoya, uliishiwa vipi na pumzi kwenye vidole viwili?

Jibu lingekuwa rahisi. Mshale wenyewe ulikuwepo! Ulivunjika katikati, lakini kipande cha nyuma, chenye manyoya, kililetwa ofisini. Ungegeuza tu uone kama kuna tarakimu mbili. Gramu hakuomba wakili. Hakuomba huruma. Aliomba kitu kimoja: "Nileteeni niupime."

Wakasema umefungiwa kabatini, ni ushahidi. Kisha wakasema kabati linahamishwa. Kisha wakasema umepotea. Makabati yao hayajawahi kupoteza kiti, wala mhuri, wala birika la chai ya Katibu. Yalipoteza kijiti kimoja.

Karani wa dirishani, dada mwenye sauti ndogo, amekubali nitumie maneno yake ila nisitaje sura yake, kana kwamba redio ina sura. Anasema: "Alikuja kila Jumatatu. Amevaa vizuri, kachomekea. Anauliza, umeonekana? Nasema, bado, mzee. Anasema, haya, mwanangu, kazi njema. Basi. Hakuwahi kunipandishia sauti. Ingekuwa afadhali angenipandishia."

Kila Jumatatu, miaka sita. Na wale aliowapima mikono kwa kamba ya mafundo walikuwa wanavuka barabara wakimwona. Wengine mnanisikiliza sasa hivi. Msizime. Mimi pia nimo.

Ndiyo. Mimi pia nimo, na hapa sina pa kujificha. Taarifa ile ya chama, ya siku tisa, nani aliwasomea? Mtu mwenye sauti hii. Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye kiti hiki. Nililetewa karatasi yenye mhuri, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaisoma. Mimi niliyeuona mpira wa tairi ukitobolewa kwa macho yangu! Nilijiambia labda kuna kitu sikijui. Nilijiambia wasomi wamechunguza. Huwa nawakalia kooni wakubwa kwa mambo madogo, na siku ile jambo kubwa lilipita mdomoni mwangu bila kunikwaruza. Gramu hakuniuliza hata siku moja. Alinisalimia vile vile. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Jumatano hiyo, kabla ya mazishi, nilipokwenda kutoa pole, shemeji hakuniacha nikae.

"Ulisoma vizuri siku ile, shemeji," akaniambia. "Hata kikohozi hukukohoa."

"Nisamehe."

"Sitaki nisamehe. Unakwenda kusema alikuwa mtu mwema, mpole, sijui mchapakazi. Wema wake naujua mimi, nimelala nao miaka arobaini. Wewe kaseme mshale ulikuwa wa nani. Saa ile ile. Sauti ile ile."

Nilimwambia sina uthibitisho wa mwisho. Kadi ninayo, mchinjaji ninaye, lakini aliyefuma mshale hajafungua mdomo. Dereva alipoumia alipewa ulinzi wa lango la chama. Kazi ya kukaa, yenye kivuli. Nilikwenda kwake mara tatu miaka iliyopita. Mara zote alinisemesha habari za mpira.

Alhamisi, mazikoni, Dereva alikuja. Fimbo mkononi, anaburuta mguu. Watu walimpisha. Akasimama mbele ya mjane, na nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na dada mtu alikuwa hapo, na mchungaji alikuwa hapo. Tulisikia sote.

"Mama," akasema. "Ulikuwa mweusi."

Shemeji akamtazama. "Sema vizuri, wazee wengine hawasikii."

"Mshale. Ulikuwa mweusi, wa boksi. Haukuwa na namba. Katibu alinifungulia ghala yeye mwenyewe, akanichagulia. Nilipiga kutoka hatua arobaini, kama tulivyofundishwa. Mzee hakunipa kitu. Mzee hakuwepo."

"Miaka sita, baba?"

"Nina watoto wanne, mama. Walinipa lango."

Nilitegemea kofi. Wengi tulilitegemea, na wengine, tuseme ukweli, tulilitaka. Shemeji akavuta kiti chake mwenyewe. "Kaa," akamwambia. "Mguu huo umesimama sana."

Mimi si mwepesi wa kuguswa, wasikilizaji wapendwa. Mimi ni mtu wa kuuliza kwa nini leo. Nikaulizia. Katibu ameondoka mwezi uliopita, amehamia ofisi kubwa zaidi, na lango la chama limepewa kampuni ya ulinzi. Dereva hana tena cha kupoteza. Sawa. Ushuhuda wake nimeupima pamoja na hilo. Nikaupima na kadi ya kliniki, nikaupima na bega la nguruwe. Vyote vitatu vinasema neno moja. Na yule aliyenyamaza kwa ajili ya lango, na mimi niliyesoma kwa ajili ya mhuri, sioni anayemzidi mwenzake.

Kwa hiyo, hii ndiyo taarifa. Naisoma kama nilivyosoma ile nyingine, kwa sauti ya taarifa.

Jumamosi moja miaka sita iliyopita, kituo hiki kilitangaza kwamba mshale uliomponza mwindaji ulichongwa na kukabidhiwa na fundi wa chama. Habari hiyo haikuwa kweli. Mshale ule ulikuwa wa boksi, wa gramu ishirini na mbili, ulioagizwa na uongozi wa chama na kutolewa ghalani na Katibu. Fundi alikuwa kliniki na mkewe. Mshale haukuwa wake. Aliyesoma habari ile isiyo ya kweli ni mimi, na ninaomba radhi.

Rambirambi zetu ziende kwa mjane, kwa dada mkubwa, kwa binti zake wawili na wajukuu. Ziende pia kwa Dereva na watoto wake, ambao nao waliuziwa kasi wakapewa fimbo. Chama kimetuma rambirambi zake, ziko kwenye karatasi ile yenye uongo. Familia imesema irudishwe, na itarudishwa leo kabla ofisi haijafungwa. Nitaipeleka mwenyewe.

Na nyinyi wawindaji, msimu unafunguliwa Jumatatu. Najua maboksi bado yamo ghalani. Msiniamini mimi. Mlishaniamini, mkaona yaliyotokea. Kila mmoja leo achukue mshale wake, avishe chembe, aweke kwenye mizani, hata ya duka la dawa, asome kwa macho yake. Halafu ajiulize anamwendea nani, na akijibiwa na bega lenye ngao atafanyaje. Na sisi wengine tusiowinda tujiulize ni karatasi ngapi tumezipokea kwa mikono miwili bila kuzigeuza nyuma.

Naam? Samahani, fundi mitambo ananipungia. Kuna jambo nyuma ya kioo. Shemeji amesimama. Anasema kitu, hebu mfungulie sauti kidogo.

"Isome tena."

Shemeji, nimeisoma.

"Isome tena, polepole. Kuna watu ndiyo kwanza wamewasha redio."

Wasikilizaji wapendwa, naisoma tena. Jumamosi moja miaka sita iliyopita, kituo hiki kilitangaza kwamba...